Kandege kamevunjika mguu wa mbele kakitua, ati injini ilizima?

Kijana wa Lanet: Wadau, Jumapili nilikuwa kwa shamba ya mjomba nje kidogo ya Nakuru, kuna kiwanja cha maramu hapo karibu, kandege ka injini moja kakaja kutua mbio ajabu, kakaelea weee, kakagonga chini kakaruka, kakashuka tena kakaruka, ya tatu kakaangukia tairi ya mbele ikakatika kakateleza na pua mpaka kwa mahindi. Rubani alikuwa peke yake, akatoka mwenyewe anapanguza vumbi kwa suruali anasema injini ilimzimia. Ni kweli?

Fundi Spana: Bora uhai. Propela ilikaaje? Ikiwa imesimama ile panga ya chini pekee ndio hugusa udongo.

Kijana wa Lanet: Zote mbili zimepinda mkuu, ncha zimejikunja mbele kama sikio la mbwa.

Fundi Spana: Basi aache hizo. Upepo unaweza kuizungusha hata injini ikizima, sawa, lakini hapo panga hupinda kurudi nyuma. Zikijikunja mbele injini ilikuwa inavuta, labda alikumbuka kuongeza moto (nguvu ya injini) akiwa amechelewa. Na hiyo injini sasa lazima ifunguliwe yote hata kama inawaka, shafti ikishagongwa hivyo huiamini tena.

Omieri wa Kisumu: Mimi nilijifunzia huku chini, Kisumu ni kama mita 1,150 juu ya bahari, Nakuru ni 1,850 na hewa ni nyepesi. Siku ya kwanza kuja huko saa ya spidi inanisomea kilomita 120 kwa saa lakini ardhi inanikimbia kwa 130 na kitu! Sasa ukiongeza na spidi yako mwenyewe juu, ikizidi asilimia 10 tu nguvu ya mwendo ya kumaliza ndio usimame inazidi kama asilimia 21, ndege inakataa kukaa, kiwanja kinaisha, unailazimisha chini. Ikiruka wengi wanasukuma usukani mbele na hapo ndio tairi ya mbele huenda. Dawa ni moto wote, uinuke, uzunguke uje upya. Shida ni aibu, watu wamesimama kwa ua wanakuangalia.

Mama Shiku: Kumbe ni kama lori za mteremko wa Salgaa zikishindwa kusimama tu 😂

Kijana wa Lanet: Asanteni. Wakubwa wa uchunguzi wamekuja leo wanapiga picha. Mjomba yeye anauliza tu mistari miwili ya mahindi iliyolazwa nani atalipa.