Tupeane uzoefu: ulipimaje kipoza prosesa cha hewa, na vipimo vilikuambia nini?

Mpima Joto

Ndugu zangu, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliokwisha kufunga vipoza vya hewa, yaani vyuma vyenye mapezi na feni vinavyoondoa joto la prosesa (chipu kuu ya kompyuta), kwenye kompyuta zao za mezani, hasa namna kila mmoja alivyokipima cha kwake. Nimechoshwa na sifa za aina ya "prosesa yangu haivuki nyuzi 75", kwa sababu maneno hayo hayaelezi chumba kilikuwa na joto gani, prosesa ilikuwa ikila wati ngapi, wala feni zilikuwa zikipiga kelele kiasi gani wakati huo. Kipoza kimoja kikifikisha nyuzi 75 katika chumba chenye nyuzi 21, na kingine kikafikisha 80 katika chumba chenye nyuzi 31, kwa prosesa ileile na wati zilezile, mimi nitachukua hicho cha pili bila kusita, kwa kuwa kimepanda nyuzi 49 tu juu ya hewa inayokizunguka ilhali cha kwanza kimepanda 54.

Nianze na langu. Natumia mnara mmoja, yaani kipoza chenye rundo moja la mapezi lililosimama, wenye mirija minne ya shaba ya kusafirisha joto na feni ya milimita 120. Kabla ya kupima naingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowashwa), naweka kikomo cha wati ili prosesa isijiamulie, kisha naifunga feni kwenye kasi moja. Kipimajoto nakiweka mbele ya upande unaoingiza hewa kwenye kasha, wala si ukutani, maana hewa iliyo karibu na kompyuta inayofanya kazi mara nyingi ina joto kuliko ile ya upande wa pili wa chumba. Naendesha mzigo mzito kwenye viini vyote vya prosesa mpaka namba itulie, ndipo natoa joto la chumba na kugawa kwa wati. Nikipata nyuzi 48 za kupanda kwa wati 120, hiyo ni nyuzi 0.4 kwa kila wati, na kutokana nayo naweza kukisia kwamba kwa wati 88 prosesa hiyohiyo itapanda takribani nyuzi 35.

Tahadhari moja: namba hiyo haihamishiki kutoka prosesa moja hadi nyingine. Wati 120 zinazotoka kwenye kipande kidogo cha silikoni zina moto mkali zaidi kuliko wati 120 zilizotapakaa kwenye kipande kipana, hata kama kipoza ni kilekile.

Binti Umeme

Ahsante kwa kuanzisha, ndugu Mpima Joto. Mimi nina Ryzen 9 7950X, na kwa familia hii ya prosesa kuangalia nyuzi peke yake ni kujipotezea muda. AMD waliitoa mwaka 2022 ikiwa na wati 170 kwenye karatasi, lakini soketi (tundu la ubao mama inamokaa prosesa) inairuhusu kufika hadi 230, na imetengenezwa ijisukume mpaka ifike nyuzi 95 na ibaki hapo kwa usalama iwapo kazi ni nzito.

Nilipotoka kwenye mnara mmoja kwenda kwenye minara pacha yenye feni mbili, nilifungua programu ya vipimo nikitarajia namba ishuke. Ilisomeka 95 kama kawaida. Mtu mwenye haraka angesema amepoteza fedha, ila safu mbili za chini yake zilikuwa zimebadilika: wati zilikuwa zimepanda na kasi ya viini vya prosesa imepanda nazo, na video ileile ilimalizika mapema zaidi. Prosesa ilikuwa imeitumia nafasi yote iliyopewa na kipoza kipya ikaigeuza kuwa kazi.

Baadaye niliiweka kwenye hali ya kubana umeme, ile ya wati 105, na hapo ndipo tofauti ya vipoza viwili ilipojionyesha kwa nyuzi, kwa sababu sasa wati ndizo zilizofungwa na joto likaachwa huru. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba, kwa prosesa za namna hii, ama ufunge wati upime nyuzi, ama uache nyuzi zigonge kikomo upime wati na kasi. Ukiziacha zote mbili huru hupati jibu la maana. Nikiri pia kwamba hali ile ya kubana umeme sijaitoa tena, kwani kasi iliyopungua kwenye kazi zangu ni ndogo mno kulingana na utulivu niliopata.

Fundi Kimya

Mimi nitasema juu ya kelele, kwa sababu naona ndiyo inayosahaulika na ndiyo utakayoishi nayo kila siku.

Wengi hulinganisha vipoza viwili feni zikiwa zimefunguliwa mwisho. Kipoza chenye feni ya mizunguko 2,000 kwa dakika kitashinda hapo, lakini nani anafanya kazi karibu na mlio huo? Wengine hulinganisha kwa mizunguko sawa, nako si haki, kwa kuwa feni ya milimita 140 na ya 120 zikizunguka sawa hazipitishi hewa sawa wala hazitoi sauti sawa. Njia ninayoiamini ni kusawazisha kelele: naweka kipima sauti mahali pamoja, usiku, naipandisha na kuishusha kasi ya kila kipoza mpaka vyote vitoe desibeli zilezile, halafu ndipo nasoma joto. Baadhi ya vipoza vinavyosifiwa sana huporomoka hapo.

Namba za desibeli zilizo kwenye boksi msizilinganishe kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine kabla ya kujua zilipimwa kwa umbali gani, maana mahali pa wazi kuongeza umbali mara mbili hupunguza takribani desibeli 6. Na feni mbili zinazofanana huongeza kama desibeli 3 juu ya feni moja. Kwenye mnara wangu niliiondoa feni ya pili nikapoteza nyuzi chache tu, nami nikaridhika.

Lipo jambo jingine ambalo kipimo hakilioni. Prosesa za sasa huruka nyuzi 15 au zaidi kwa kufungua kivinjari tu, na feni isiyopangwa vizuri hufuata kila mruko, ikivuma na kunyamaza, ikivuma na kunyamaza. Kero hiyo ni kubwa kuliko mvumo mmoja usiobadilika. Nenda kwenye BIOS uiambie feni ichelewe sekunde kadhaa kabla ya kuitikia, na mstari wake, yaani grafu ya kasi ya feni kulingana na joto, uwe tambarare mpaka nyuzi 60 hivi. Hakikisha pia feni ya pini nne umeichomeka kwenye tundu linaloendeshwa kwa mtindo wa PWM (ishara ya mapigo inayoiambia feni kasi yake), si kwa kupunguza volti.

Nahodha wa Mapezi

Kwangu hadithi ni fupi. Kabla ya kukilaumu kipoza, ondoa ubao wa ubavuni wa kasha mzigo ukiwa unaendelea. Kompyuta ya ndugu yangu ilishuka nyuzi 9 kwa kitendo hicho tu, kwa hiyo shida ilikuwa kasha lisilopumua, na tulichonunua ni feni mbili za mbele.

Kasha Jembamba

Naongeza habari ya vipimo vya rula, kwani kipoza kisichoingia hakina daraja lolote. Noctua NH-D15, iliyotoka mwaka 2014 na bado inatajwa kila mahali, ina urefu wa milimita 165 ikiwa na feni zake. Chini ya feni ya mbele inaacha milimita 32 kwa ajili ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Ukiwa na vijiti vya RAM vyenye mapambo vya milimita 42, inabidi uipandishe feni ile milimita 10, na urefu mzima unakuwa 175. Wanunuzi husoma 165, hutazama kasha linaloruhusu 170, huridhika, kisha kioo cha ubavuni kinakataa kufunga.

Nimeletewa kompyuta zaidi ya moja zenye tatizo la AM5, soketi ya prosesa za AMD, vilevile. Bamba la nyuma la AM5, lile la nyuma ya ubao mama linaloshika skrubu za kipoza, limeshikana na soketi yenyewe, haliondolewi, tofauti na la AM4, soketi iliyoitangulia. Kipoza cha AM4 kinachofungwa kwa kutumia bamba hilohilo la asili kwa kawaida kitakubali, ila kile kilichokuja na bamba lake la nyuma hakitaingia mpaka upate vifungio vipya kutoka kwa mtengenezaji.

Mama Silikoni

Salaam kwenu nyote. Mimi nawaomba mtazame pia namna joto linavyopanda, si mahali linapoishia. Anzisha mzigo huku macho yako yakiwa kwenye grafu. Joto likiruka karibu hadi kikomo ndani ya sekunde moja au mbili, mapezi hayajapata hata nafasi ya kupata moto, kwa hiyo tatizo liko kati ya silikoni na kitako cha kipoza: mgusano, pesti (uji unaopakwa kati yao kupitisha joto), mkazo wa skrubu, au ni tabia ya prosesa yenyewe. Likipanda polepole kwa dakika nyingi bila kutulia, angalia upande wa hewa, yaani mapezi, feni, vumbi na kasha.

Nilikutana na hali ya kwanza kwenye Core i7-12700K ya Intel. Soketi yake ya LGA1700, iliyoanza mwaka 2021, hushikilia prosesa ndefu kwa kuibana katikati ya pande mbili tu, na kifuniko cha chuma hupinda kidogo, katikati kukadidimia. Nilipokinyanyua kipoza, pesti ilisimulia yote: kwenye ncha mbili ilikuwa imekamuliwa mpaka chuma kinaonekana kama kivuli cha kijivu, na katikati, juu kabisa ya silikoni, ilikuwa nene na laini, ina alama za kuvutwa. Niliweka fremu ya kubania prosesa kwa usawa, nikapaka upya pesti ileile, nikakaza skrubu kwa kupokezana nusu mzunguko kila upande. Kipoza kilekile kikaonekana kipya.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. NH-D15 G2 ya mwaka 2024 inauzwa kwa vitako vya aina tatu: cha kawaida, chenye mbinuko zaidi kwa LGA1700 isiyo na fremu, na kilicho bapa zaidi kinachofaa AM5. Anayelinganisha vipoza viwili kwa tofauti ya nyuzi 2, akakifunga kila kimoja mara moja tu, hajalinganisha kitu, kwa sababu kufungua na kufunga upya peke yake kunaweza kuleta tofauti ya kiasi hicho.

Mgeni wa Soketi

Samahani wakuu, nina Ryzen 5 7600 na kipoza kilichokuja nayo. Je, nahitaji minara pacha?

Mpima Joto

Karibu, ndugu. Hiyo ni prosesa ya wati 65, na soketi huishia kuiruhusu 88. Mnara mmoja wa mirija minne unaitosha kwa raha, na minara pacha itakupa ukimya wa ziada kuliko kasi. Kipoza ulicho nacho hakitaiunguza, ila chini ya mzigo mzito utakisikia. Fanya jaribio la Mama Silikoni kwanza, kisha la Nahodha, na iwapo kinachokusumbua ni mlio, shusha mstari wa feni kwenye BIOS uone joto linapanda kwa kiasi gani. Likibaki chini ya nyuzi 85 kwa kazi unazozifanya kweli, huna sababu ya kununua kitu sasa hivi.