Ruzuku za mahame: tukarabati kuta tu, au tuchimbe pia?

Wadau, hili linanikera. Andiko la mradi wa mahame (miji ya kale iliyoachwa) likifika mezani kwa mfadhili, fungu la akiolojia, yaani kuchimba na kuchunguza mabaki ya kale ardhini, ndilo jepesi kufyekwa. Chokaa inabaki, mbao za jukwaa la mafundi zinabaki, posho zinabaki (posho hazigusiki, mnajua).

Chukueni mahame ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, pwani ya kusini mwa Tanzania. Yameorodheshwa Urithi wa Dunia tangu 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakaondolewa humo 2014 baada ya ukarabati. Kazi nzuri, siipingi. Lakini kuta za matumbawe ni za wenye nacho. Mlalahoi wa nyumba ya miti na udongo hakuacha ukuta wa kupigwa chokaa. Pale Songo Mnara, watafiti walioanza kazi 2009 walipima ardhi kwa vifaa vya sumaku, wakachimba, wakakuta mabaki ya nyumba za udongo mahali ambapo mgeni anaona uwanja mtupu.

Mahame ya Shanga, kisiwani Pate huko Kenya, ndiyo zaidi. Uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta misikiti midogo ya miti chini ya ule wa mawe, ya zamani zaidi ikiwa ya karne ya 8. Hoja kwamba miji yetu ilianzishwa na wageni ikayumba tangu hapo. Mimi nasema: hakuna fungu la akiolojia, hakuna ruzuku.

Mchangiaji wa kwanza:
Kaka, nusu nakubali. Ukuta unaodondoka leo haungoji mtu asafishe vigae vya vyungu vya kale kwa brashi miezi sita. Tena ninyi wachimbaji mna deni: vigae vinaondoka kwenye maboksi, ripoti inatoka kwa Kiingereza, wanakijiji wanabaki na shimo. Fundi wa chokaa angalau anawaachia vijana ujuzi.

Mwanzisha mada:
Deni nalikubali, dada. Kwa hiyo fungu lihesabu pia kuosha vigae, kuvitunza hukohuko wilayani na kuandika ripoti ya Kiswahili. Ila kuhusu haraka, sikubali. Mtaro wa maji ya mvua kando ya ukuta huo huchimbwa kwa jembe siku moja, na tabaka la udongo lenye mabaki ya kale likishakatwa halirudi. Siku hiyo moja akae mtu na daftari pembeni ya mtaro. Atachelewesha ukuta gani?