Mtoto kafungwa P.O.P (hogo, plasta ngumu ya kutuliza mfupa uliovunjika) jana, vidole vimevimba na hapati usingizi. Naombeni ushauri

Mama Nasra: Wapendwa, mwanangu wa miaka 7 juzi jioni alianguka kutoka juu ya mwembe, mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Jana mchana kafungwa P.O.P, tukaruhusiwa. Sasa ni saa tisa usiku, analia tu. Panadol nimempa, haikusaidia. Vidole vimevimba na ni vya baridi. Mama mkwe anasema tungoje kliniki ya Jumatatu, au tulifungue hilo hogo tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa. Nifanyeje?

Baba Wawili: Pole dada. Wangu naye alilia siku mbili, akazoea. Mwekee mto.

Nesi wa Zamu: Baba Wawili, samahani, hili si la kuzoea. Mfupa ukishatulizwa, maumivu hupungua. Yakizidi baada ya kufungwa, kuna kinachobana. Mama Nasra, mnyooshe kidole kimoja taratibu. Kisha bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Muulize kama anahisi ukimgusa.

Mama Nasra: Nimekinyoosha cha kati, kapiga yowe. Rangi inarudi polepole mno. Anasema vidole "vimelala".

Nesi wa Zamu: Tokeni sasa hivi, msingoje kupambazuke! Misuli imevimba ndani ya hogo lisilotanuka, damu haipiti vizuri. Ndani ya saa chache misuli huanza kufa, na ikifa hairudi. Vidole hujikunja vikabaki hivyo maisha yote. Nimewauguza watoto wa namna hiyo, inauma sana kwa sababu ilizuilika. Mkono uwe usawa wa moyo, msiuning'inize wala kuupandisha kwenye mito. Asile wala kunywa, huenda akahitaji upasuaji. Msikate hogo wenyewe kwa kisu. Mapokezi usikae foleni, sema: "Hogo linambana, vidole vina ganzi." Wakikwambia mapigo ya mkononi yapo kwa hiyo yuko salama, usikubali kurudi nyumbani. Mapigo huweza kuwepo huku misuli inakufa.

Bint Pangani: Na kwa huyo mzee usiende mpenzi. Mtoto wa kaka yangu alikazwa vijiti vya mianzi, mkono ukaoza, ukakatwa.

Mama Nasra: Nimerudi hewani. Wamelipasua hogo toka juu hadi chini pamoja na pamba ya ndani. Kanyamaza, kalala. Vidole vina joto. Wamemlaza, wanamwangalia kila saa. Nesi, Mungu akulipe. Wakimfunga tena, nyumbani nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Alhamdulillah! Haya ulipaswa kuambiwa kabla ya kuruhusiwa jana. Siku za mwanzo, kama hana dalili kama za leo, vidole viwe juu kuliko kiwiko, na avichezeshe kila akiwa macho. Hogo lisilowe. Akiwashwa, asijikune kwa kalamu wala njiti, ngozi huchubuka usikoona. Ukisikia harufu au ukiona doa, mrudishe. Vidole uvikague kila usiku kabla hajalala, kama ulivyofanya leo.