Wenzetu Ulaya wanaachaje dini? Sababu hasa ni nini?

Mdau wa Sinza: Wakuu, salaam. Kwenye vijiwe vyetu hapa Dar jibu huwa lilelile: Wazungu wamesoma sana, ndiyo maana wamemwacha Mungu. Hilo halinikai. Wanaolijua jambo hili, kinachowatoa watu ni nini?

Kipanga: Mkuu, elimu inasingiziwa. Wengi hawatoki, ila hawakuingia tangu mwanzo. Mwanasosholojia David Voas na mwenzake walichambua takwimu za Uingereza: wazazi wote wawili wakiwa na dini, uwezekano wa mtoto kuirithi ni kama nusu kwa nusu. Akiwa nayo mmoja tu, unashuka hadi robo. Wasipokuwa nayo wote, mtoto naye hukua hana. Bibi alisali kila Jumapili, mama akabaki na Krismasi na Pasaka, mjukuu hata kubatizwa hakubatizwa. Hapo nani kaacha? Sensa ya England na Wales ya 2011 ilikuta Wakristo asilimia 59.3, ya 2021, 46.2. (Kwetu tusibishane kwa namba, sensa haijauliza dini tangu 1967.)

Binti Magomeni: Ujerumani kuna cha ziada: makaratasi. Muumini aliyesajiliwa hukatwa kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi ya mapato, au 8 kwa Bavaria na Baden-Württemberg. Si asilimia 9 ya mshahara, wengi hukosea hapo. Kodi yako ikiwa euro 5,000 kwa mwaka, kanisa linapata 450. Kutoka, hupiti kwa padri. Unakwenda na kitambulisho kwa msajili wa serikali au mahakamani, kutegemea jimbo, unasaini, majimbo mengi unalipa ada ndogo, unapewa hati. Hati hiyo usiitupe, maana miaka baadaye unaweza kudaiwa uthibitisho. Kwa Mkatoliki, sakramenti zinasimama, na usimamizi wa ubatizo pia.

Ila kodi ilikuwepo zamani, kwa hiyo peke yake haielezi; kashfa nazo zimechangia. Ripoti ya 2018 kuhusu Kanisa Katoliki la Ujerumani ilihesabu watoto 3,677 walionyanyaswa kingono na makasisi. 2022 peke yake Wakatoliki zaidi ya 500,000 wakasaini kutoka.

Kipanga: Na ongeza ulinzi wa maisha. Kule bima na pensheni ni vya serikali. Hapa ukifiwa, parokia inaulizia kwanza kama marehemu alikuwa hai kwenye jumuiya na michango yake ikoje. Nani atatoka akijua hilo? Ndiyo maana Dar mtu hatoki, anahama: leo parokiani, kesho kwa nabii. Marekani, yenye ulinzi dhaifu wa serikali, ilichelewa kweli kuacha dini, ingawa wasio na dini walipanda kutoka asilimia 16 mwaka 2007 hadi 28 mwaka 2023.

Mdau wa Sinza: Shukrani. Na Waislamu wa huko Ujerumani?

Binti Magomeni: Misikiti haikusanyiwi kodi hiyo na dola, wala haina daftari la waumini kama la makanisa. Anayeacha hasaini popote, kwa hiyo humpati kwenye hesabu za kutoka, labda kwenye madodoso tu. Usizilinganishe.