Kinanda hakina sauti anayoimba bibi, au masikio yangu ndiyo mabovu?

BintiNgamiani

Habari za jioni wadau. Nina miaka 25, nipo Tanga mjini, Ngamiani. Mchana nauza vipuri vya baiskeli dukani kwa mjomba. Mwezi wa tatu nilinunua kinanda cha mtumba chenye funguo 61 kwa mtu aliyekuwa anahama. Waja leo waondoka leo, yeye kaondoka, kinanda kimebaki kwangu. Muziki sijasoma popote. Madrasa niliimba kaswida, basi.

Najifunza usiku kwa video za simuni. Mkono wa kulia peke yake unakwenda vizuri. Nikiingiza wa kushoto tu, balaa: unaiga kila kitu. Gumba la kulia likishuka, la kushoto nalo linashuka, hakuna aliyelituma. Nikiwasha ule mdundo wa kinanda chenyewe ndiyo kabisa, unaniacha kituoni.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Naishi na bibi mzaa mama. Alikulia Unguja, na kuna wimbo wa taarabu ya zamani anauimba akipepeta mchele. Wiki tatu nautafuta. Sauti zote nimezipata isipokuwa moja, pale mwisho wa mstari anapoivuta. Nikibonyeza Mi, iko juu. Nikishuka kwenye ule ufunguo mweusi wa kushoto kwake, iko chini. Bibi anaacha ungo, anatikisa kichwa: "Siyo, mke mwenzangu. Siyo hiyo."

Mdogo wangu anasema masikio yangu mabovu, na piano huanzwa na watoto wa miaka sita. Na kuna Sol moja ya katikati, mara inapiga kelele kuliko wenzake wote, mara kimya. Nisaidieni, nimechoka kuchekwa.

Kamba6

Dada, uza hicho nunua gitaa. Funguo 61 si piano, piano ina 88. Unajichosha.

MamaKwaya

Usiuze kitu, mdogo wangu. Mimi nipo Bagamoyo, napiga kinanda kanisani, na nilianza nikiwa na miaka 22, nikiwa na mtoto mgongoni. Ni kweli kuwa 88 si 61, ila nyimbo utakazopiga mwaka huu wote hazitatoka nje ya hizo 61. Ukubwa wa piano utauhitaji baadaye. Acha huyo wa gitaa.

Mkono wako wa kushoto hauna ugonjwa. Ni mkono ambao maisha yako yote umeutuma kushikilia tu: kushika sufuria wa kulia ukoroge, kushika baiskeli wa kulia ukaze nati. Sasa unautaka uwe na mawazo yake. Anza bila kinanda kabisa. Kaa kwenye kaunta ya duka, sema "na-zi, na-zi, na-zi" polepole. Kulia gonga kila silabi. Kushoto gonga kwenye "na" peke yake. Siku ya kwanza utacheka mwenyewe. Ukiweza huku unamrudishia mteja chenji, hamia kwenye kinanda.

Hapo mkono wa kushoto usiupe wimbo. Upe kodi mbili tu (si ya nyumba, ni sauti tatu zinazobonyezwa pamoja): Do-Mi-Sol, halafu Do-Fa-La. Kidole cha mwisho hakiondoki kwenye Do, vinasogea vile vingine. Zungusha hizo mbili hadi zikukinai, ndipo kulia kuingie, tena kwa sauti moja moja. Mdundo wa kinanda uzime. Pakua programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo sawasawa, weka mapigo 60 kwa dakika, mwendo wa sekunde za saa ya ukutani. Ukikosea mara mbili mahali pamoja, shusha 50. Na dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Wanakwaya wangu wote wa Jumamosi bado wako wimbo wa kwanza.

Sasa nikuungamie kitu. Kinanda chako kina kitufe cha kuhamisha Do, kile cha transpozi. Usikizoee. Mimi miaka sita nilipiga kila wimbo kwenye funguo zilezile za Do, waimbaji wakitaka juu nabonyeza kitufe. Nikaalikwa kwenye harusi Dar, nakuta piano yenyewe, ya mbao, ya nyuzi. Kitufe hakuna. Funguo nzito, maana kila moja inainua nyundo ndani. Kwaya ikaanza wimbo juu ya ninapopajua, nami nikakaa pale na mikono mapajani kama mgeni aliyekosa kiti. Mpaka leo nikisikia wimbo ule nageuza uso.

FundiRedio_Makorora

Kuhusu hiyo Sol. Hiyo si mashine kufa, ni uchafu. Chini ya kila ufunguo kuna mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni vinavyogusa bodi. Kama kinanda chako ukibonyeza taratibu kinalia taratibu, basi kila ufunguo una migusano miwili, na mashine inapima muda kati ya wa kwanza na wa pili kujua umebonyeza kwa nguvu gani. Mmoja ukichafuka, hesabu inavurugika: kelele, au kimya.

Chomoa umeme, geuza, fungua skrubu. Hazilingani urefu, zipange juu ya gazeti kwa mpangilio uleule. Inua mpira, pangusa bodi na vile vidoa kwa kijiti cha pamba na spiriti. Petroli usiguse, inakula mpira. Acha ikauke, funga. Na ukimaliza kupiga kifunike kanga, hewa yetu hii ya chumvi haina huruma na vyuma. Nyingine: adapta ikifa usiazime yoyote inayoingia. Tazama volti, na ule mchoro mdogo wa chanya na hasi. Nimeshazika vinanda vitatu kwa adapta ya jirani.

UdiNaNai

Binti, masikio yako ni mazima kuliko ya mdogo wako. Ile sauti haipo kwenye kinanda.

Kinanda kimegawa nafasi kutoka Do hadi Do ya juu hatua 12 zilizo sawa. Taarabu ya Unguja, ile ya kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanza 1905, ilikunywa maji ya Misri, na baadhi ya makam zake (ngazi za sauti za Kiarabu), kama rasti, zina sauti inayokaa katikati ya Mi na huo weusi wako. Udi hauna vizuizi kwenye shingo, fidla hali kadhalika, kidole kinateleza mpaka kiipate. Kinanda hakitelezi. Vipo vyenye namna ya kushusha sauti robo, tafuta kwenye kitabu chake. Au kama kina gurudumu dogo upande wa kushoto, lishushe kidogo ukifika hapo.

Kama hakina, anza na taarabu ya kwenu Tanga, ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Wale walikuwa na magitaa, na gitaa lina vizuizi, kwa hiyo sauti zake zinakaa palepale zilipo funguo zako. Kamba6 kwa hili angekufaa.

BintiNgamiani

Nimerudi, siku ya kumi na moja. Fundi, chini ya Sol palikuwa na soda iliyoganda na mguu wa mende. Sasa inalia kama wenzake. Skrubu moja imebaki mkononi, sijui ya wapi.

Mama, mjomba ameniuliza kwa nini nasema nazi dukani na hatuuzi nazi. Kodi mbili zimekaa, 60 kamili. Nikifika 72 gumba linaanza tena ujinga wake.

UdiNaNai, gurudumu hakuna, robo hakuna. Nilimweleza bibi kuwa sauti yake haimo humu ndani. Akasema alijua, ndiyo maana alikuwa anasema siyo. Jana nimeupiga wimbo wake kwa kulia peke yake, na pale mwisho wa mstari nainua kidole, anaivuta mwenyewe, mimi nangoja, halafu naendelea. Ila anaanza juu kuliko Do yangu, na hangojei mtu.

Mama, nimebonyeza kitufe. Mara moja tu.