Je, Maandiko Matakatifu yanajipinga? Mjadala kuhusu Yuda, mfalme Ahazia na Injili nne

Msomaji wa Mbale:

Ndugu zangu, nimehudhuria mihadhara mingi ya dini hapa Mbale, na kila Wakristo wanapoulizwa kuhusu kifo cha Yuda Iskarioti huhamisha mazungumzo. Mathayo 27 yasema alizirudisha fedha, akaenda akajinyonga, na makuhani wakuu ndio walionunua shamba. Matendo 1 yasema Yuda mwenyewe alijipatia shamba kwa malipo ya uovu wake, akaanguka, akapasuka tumbo. Mfalme Ahazia naye, kwa mujibu wa 2 Wafalme 8:26, alianza kutawala akiwa na miaka 22, lakini 2 Mambo ya Nyakati 22:2 inampa miaka 42. Kitabu kinachotoka kwa Mungu hakiwezi kumpa mtu mmoja umri wa aina mbili. Najua Walokole watajibu kwa haraka. Wakatoliki hawatajibu, kwa kuwa wao humwachia padri asome kwa niaba yao.

Katekista wa Masaka:

Ndugu wa Mbale, naanza na hilo la mwisho kwa sababu limeniuma. Mkatoliki anayehudhuria Misa ya Jumapili husomewa Maandiko katika mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A Mathayo, mwaka B Marko, mwaka C Luka, na Yohane husomwa zaidi wakati wa Kwaresima na Pasaka. Katika mwaka B, Jumapili ya Matawi tunasomewa Mateso kadiri ya Marko, anayesema kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu; Ijumaa Kuu ya juma lilo hilo tunasomewa Yohane, ambaye kwake Pilato bado ameketi katika kiti cha hukumu yapata saa sita. Tofauti hiyo, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote mbili ulizozitaja, husomwa kwa sauti mbele ya waamini wote, watoto wakiwemo.

La Ahazia ni fupi. Baba yake Yehoramu alianza kutawala akiwa na miaka 32 na akatawala miaka 8, kwa hiyo alikufa akiwa na miaka 40, na umri huo tumepewa na kitabu hichohicho cha Mambo ya Nyakati aya chache tu kabla. Mwana hawezi kumzidi baba yake kwa miaka miwili. Hilo ni kosa la mnakili, na tafsiri ya kale ya Kisiria ina 22. Mtakatifu Agostino alimwandikia Mtakatifu Hieronimo, mwanzoni mwa karne ya 5, kwamba akikuta katika Maandiko jambo linaloonekana kupingana na ukweli, hukisia kuwa nakala ina kosa, au mfasiri hakuifikia maana, au yeye mwenyewe hajaelewa. Papa Pio XII naye, katika waraka wake wa mwaka 1943, aliwahimiza wataalamu wazilinganishe nakala za kale kwa bidii. Kukiri kosa la mnakili ni desturi ya Kanisa ya tangu zamani.

Kuhusu Yuda sitakupa jibu jepesi. Mathayo na Luka, mwandishi wa Matendo, wanakubaliana kwamba Yuda alikufa vibaya, kwamba shamba lilipatikana kwa fedha za usaliti, na kwamba wakazi wa Yerusalemu waliliita Shamba la Damu. Wanatofautiana juu ya namna ya kifo, juu ya mnunuzi, na juu ya sababu ya jina. Mathayo anavitazama vipande 30 vya fedha vya nabii Zakaria. Luka, anayeandika hotuba ya Petro, anaitazama zaburi isemayo makao ya adui yawe ukiwa. Ninaamini kwamba kumbukumbu moja iliwafikia kwa njia mbili, na kila mmoja akaisimulia kulingana na fundisho alilokusudia.

Tena Kanisa lingeweza kabisa kuziondoa tofauti hizi kama lingeziona kuwa aibu. Yapata mwaka 170 Tatian, mtu wa Siria, aliziunganisha Injili nne kuwa simulizi moja iliyonyooka, na Wakristo wa Siria waliisoma kanisani kwa vizazi vingi. Katika karne ya 5 Theodoret, askofu wa Cyrrhus, alikusanya nakala zake zaidi ya 200 katika jimbo lake, akaziondoa na kuzirudisha Injili nne mahali pake. Askofu alikuwa na kitabu kisicho na migongano mkononi, naye akachagua mashahidi wanne wanaotofautiana. Hata sisi tulio Uganda tunalijua jambo hili: Mkatoliki anayehiji Namugongo, wanapokumbukwa Wakristo wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani, tarehe 3 Juni huwataja mashahidi 22, wale wa Kanisa lake, na hakuna anayemwita mwongo.

Mlokole wa Kabale:

Mimi namwita asiyesema ukweli wote, na nasema hivyo kwa heshima. Mashahidi wa Uganda ni 45, na kati yao 23 ni wa Kanisa letu la Kianglikana. Watatu wa kwanza kabisa, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa tarehe 31 Januari 1885, wote Waanglikana, miezi kadhaa kabla ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa kwanza wa Kikatoliki. Kila mwaka magazeti na redio husema 22 kana kwamba wengine walikufa kwa bahati mbaya. Mtu anayetoa mfano wa namna hiyo ili kututuliza kuhusu Injili ametupa sababu ya kuwa na wasiwasi zaidi. Kuhusu Yuda, jibu ni rahisi: alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka na kupasuka. Hakuna haja ya Tatian wala ya nakala za Kisiria.

Mwalimu wa Gulu:

Naomba tusigeuze mjadala huu kuwa wa Namugongo, ingawa naona ndugu wa Kabale amesema kweli kuhusu wale watatu. Nilikuwa nataka kuuliza habari za nasaba ya Yesu, kwa kuwa wanafunzi wangu huuliza kwa nini baba wa Yosefu, mume wa Maria, ni Yakobo kwa Mathayo na Eli kwa Luka.

Katekista wa Masaka:

Ndugu yangu wa Kabale, damu ya wale watatu ni damu ya mashahidi, na Papa Paulo VI, alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka waziwazi Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Lakini angalia ulichokifanya: umesema hesabu ya 22 haijakamilika, hukusema kwamba Kalori Lwanga, mmoja wa wale 22, hakuchomwa moto. Hivyo ndivyo ninavyotaka tumsome Mathayo na Luka.

Kamba iliyokatika haimo kwa Mathayo wala kwa Luka. Mkatoliki anaruhusiwa kuikubali, na wako Wakristo wa kale waliojaribu kuyaunganisha masimulizi hayo mawili. Lakini haitatui suala la nani alinunua shamba, na kijana aliyefundishwa kwamba imani yake inaning'inia kwenye kamba hiyo ataiacha imani siku atakapogundua kuwa haikuandikwa. Nimewaona vijana wa namna hiyo katika vigango, na inanisikitisha sana.

Mwalimu wa Gulu, Julius Africanus, mwandishi Mkristo, alilijibu swali lako katika karne ya 3, na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, ametuhifadhia jibu lake: Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja, Eli akafa bila mtoto, Yakobo akamwoa mjane kwa sheria ya Musa, na Yosefu akawa mwana wa mmoja kwa damu na wa mwingine kwa sheria. Desturi ya kumrithi mjane inajulikana sana kwenu Acholi, kwa hiyo wanafunzi wako wataielewa upesi. Sisemi kwamba lazima ndivyo ilivyokuwa.

Msomaji wa Mbale:

Kwa hiyo kitabu kina makosa ya wanakili, masimulizi yake hayalingani, na Kanisa ndilo linalotuambia tusome vipi. Basi mnaliamini Kanisa, hamkiamini kitabu.

Katekista wa Masaka:

Tunaviamini vyote viwili, kwa kuwa Kanisa lilikuwapo likibatiza na kuumega mkate kabla Injili ya kwanza haijaandikwa, na maaskofu waliokutana Karthago mwaka 397 ndio waliothibitisha orodha ya vitabu ambayo hata ndugu wa Kabale anaitegemea kwa Agano Jipya lote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 18 Novemba 1965 juu ya Ufunuo, ulifundisha kwamba Maandiko yanafundisha kwa uthabiti na bila kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu, na kwamba msomaji lazima atafute mwandishi alikusudia nini na aliandika kwa mtindo gani. Umri wa Ahazia uliharibiwa na mnakili. Kifo cha Yuda tunacho kwa sauti mbili, na Kanisa halijamlazimisha mtu yeyote kuzifanya moja.