Mrejesho: KTM 250 EXC au 300 EXC kwa vilima vya Kapchorwa, Uganda

Wakuu, niliwauliza nichukue ipi kati ya pikipiki hizi mbili za injini ya mipigo miwili. Nimezijaribu zote, nimechukua 300.

Kwenye karatasi ni ndugu: pistoni inasafiri milimita 72 kwa zote, ila kipenyo cha silinda ni 66.4 kwa 250 na 72 kwa 300. Mlimani ndipo utaona. Mvua ikishanyesha, 250 ilitaka gia ya pili na klachi mkononi muda wote. Ukilegeza mafuta kidogo tu, mlio unashuka na tairi la nyuma linaanza kuchimba tope. 300 inapanda kwa gia ya tatu, taratibu, tairi limeng'ang'ania mawe. Mikono haichoki kabisa!

Kwenye tambarare na kona za karibu karibu, 250 ni tamu zaidi, inachangamka upesi.

Mliosema nibadilishe jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta), asanteni sana. Kule juu hewa ni nyepesi, petroli ilizidi, moshi mtupu. Tumeweka jeti kuu ndogo, plagi sasa inatoka na rangi ya kahawia, dalili kwamba inachoma vizuri.

Natafuta tairi la nyuma la inchi 18, mwenye nalo Mbale anijulishe.